Kauboi wa Litein na wasichana wa Kapkatet

Jumamosi jioni, wakulima wakishapimiwa majani chai ya mwisho kwenye vituo vya kununulia, barabara ya kutoka Kericho kwenda Sotik hubadilisha sauti. Malori ya viwanda huondoka yakinguruma, moshi wa nyama choma hupanda, na katika baa moja mbili kati ya Litein na Kapkatet husimama mwanamume aliyevaa kofia pana ya kauboi, buti zenye ncha na mkanda wenye bizimu kubwa kama kisosi. Shingoni ana gitaa. Pembeni ana kibodi iliyokwisha kujazwa ngoma, besi na fidla, hivi kwamba bendi nzima huanza kwa kubonyeza kitufe kimoja. Huimba Jim Reeves, Kenny Rogers, Don Williams na Dolly Parton, huku walimu wastaafu, makarani wa viwanda na madereva wakimfuata neno kwa neno, wengine wamefumba macho.

Meza haikosi mmoja asiyeimba. Huyo hukunja mikono, huikagua kofia, kisha humgeukia jirani: "Mwalimu, huyu ni kopi tu. Kwani sisi hatuna muziki wetu?"

Safu hii haimpendi kauboi yule. Ingemsikiliza nusu saa, imalize soda, iombe bili. Lakini hoja ya bwana aliyekunja mikono haikubaliki hata kidogo, na ajabu ni kwamba anaitoa akiwa ameketi kilomita chache tu kutoka mahali ambapo hoja hiyo ilivunjwa miaka zaidi ya 70 iliyopita, tena na wasichana wa Kikipsigis.

Kesi kama hii imesikilizwa kwingine pia. Mwaka 2007 vijana wanne waliunda London bendi ya Mumford & Sons: gitaa la mbao, banjo, kibodi, besi kubwa ya kusimama, ngoma ya kupigwa kwa mguu. Juu ya hayo walivaa vizibao, kana kwamba wametoka kuvuna ngano mwaka 1890. Albamu yao ya kwanza, Sigh No More, ilitoka 2009. Ya pili, Babel, ilitoka 2012, na Februari 2013 ikapewa Grammy ya albamu bora ya mwaka. Kadiri walivyouza ndivyo walivyopata maadui, na shtaka lilikuwa lilelile la Litein: hawa si wenyewe. Ni vijana wa mjini, wamesoma shule za kulipia, wanajifanya watu wa shamba na kupiga ala ya milima ya Marekani ambayo hawakukulia. Mwaka 2015, katika Wilder Mind, waliiweka banjo kando na kushika magitaa ya umeme. Wakalaumiwa tena, safari hii kwa kufanana na kila mtu.

Shtaka la vizibao ni jepesi. Banjo yenyewe haikuota katika milima ya Marekani. Ilitengenezwa na Waafrika waliopelekwa utumwani Karibea na Amerika, kwa kukumbuka ala za kibuyu, ngozi na nyuzi za Afrika Magharibi, na Wazungu wa milimani wakaja kujifunza baadaye. Akitokea mtu wa kudai cheti cha kuzaliwa cha banjo, itabidi ainyang'anye nusu ya Marekani kabla hajafika London.

Kuna sababu bora zaidi ya kutoipenda bendi hii, na haihusu nguo. Nyimbo zao nyingi hupanda kwa njia moja: mwanzo wa kunong'ona, ngoma ya mguu inaingia, banjo inaanza kumwagika kama mvua ya mawe juu ya mabati, kisha wote wanapaza sauti kwa pamoja. Mara ya kwanza msikilizaji husisimka. Mara ya nne anajua kona iko wapi, kama abiria wa kila siku katika matatu ya kupanda Londiani. Hilo ni kosa la kazi, na linaweza kusikika, kupimwa na kubishaniwa. "Si wenyewe" haisikiki popote katika wimbo. Ni neno la kituo cha polisi.

Sasa Kapkatet.

Mwaka 1950 alipita huko Mwingereza aitwaye Hugh Tracey. Alizaliwa Devon mwaka 1903, akaenda Rhodesia ya Kusini akiwa kijana kumsaidia kaka yake katika kilimo cha tumbaku, na huko masikio yakamteka. Kufikia miaka ya 50 alikuwa akizunguka kusini, mashariki na katikati ya Afrika na lori la kurekodia na jenereta, akinasa muziki ambao aliamini utafutwa na miji, migodi na redio. Santuri alizotoa katika mfululizo wake wa Sound of Africa zinapita 200, na mwaka 1954 alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, ILAM, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Kwa maneno mengine, alikuwa mlinzi wa asili. Bwana wa Litein angemkaribisha mezani.

Katika kazi aliyoinasa kwa Wakipsigis kuna nyimbo tatu zenye jina moja, akazipa namba: Chemirocha ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mbili ni za wanaume na chepkong', kile kinubi cha Kikipsigis. Ya tatu, iliyokuja kupendwa kupita zote, ni ya wasichana wakiongozwa na Chemutoi Ketienya. Haifiki dakika mbili. Nyuzi zinadonolewa kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, sauti za wasichana ziko juu na ziko karibu sana, kama wanaimba wameinamiana, na kila jina Chemirocha linapofika linashushwa polepole kana kwamba limefungwa katika kitambaa. Wanaosikiliza kwa mara ya kwanza huwa na tabia ya kunyamaza, kisha kurudisha mwanzo.

Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi ambaye Wamarekani humwita baba wa muziki wa kantri. Gramafoni za kuzungushwa kwa mkono zilikuwa zimeingia nchini kwa walowezi, wamishonari, maduka ya Wahindi na askari waliorudi vitani, na pamoja nazo sauti ya huyu mtu aliyeimba kisha ghafla akaivunja sauti yake kooni na kuirusha juu. Jina lake likapita kwenye masikio ya Wakipsigis na kutokea upande wa pili likiwa jina ambalo lingeweza kuitwa kwenye rejista ya shule, katikati ya Chelangat na Chemutai, bila mwalimu kuinua macho.

Tracey aliandika maelezo ya wimbo. Kwa mujibu wake, wasichana walimwona Chemirocha kuwa kiumbe nusu mtu nusu paa, wakawa wanamwita aje acheze, aruke kwa nguvu hadi atoke katika nguo zake. Hadithi hiyo imezunguka dunia na kupendwa mno, labda kuliko inavyostahili. Ni maneno ya Tracey. Wasichana hawakupewa karatasi waandike yao, na mtu yeyote aliyewahi kuwauliza wasichana wa miaka kumi na kitu maana ya wimbo wao wa kuchekeshana anajua majibu huwa ya namna gani, hasa anayeuliza akiwa mgeni mwenye mashine.

Lakini wimbo wenyewe upo na unajieleza. Hakuna gitaa ndani yake. Hakuna aliyejaribu kuvunja sauti kooni kama Rodgers, wala hakuna neno la Kiingereza lililobebwa bila kueleweka. Kilichochukuliwa ni jina na mshangao; tuni, lugha, nyuzi na mzaha ni vya Kapkatet. Hawakuimba kama yeye. Walimwimba yeye.

Walifanya hivyo, inafaa kukumbuka, akiwa kaburini miaka 17. Rodgers alifariki New York tarehe 26 Mei 1933 kwa kifua kikuu, akiwa na umri wa miaka 35. Wasichana wa Kapkatet walikuwa wanamwalika marehemu kwenye ngoma.

Na marehemu naye hakuwa na cheti safi. Alizaliwa 1897, akafanya kazi ya reli, na kifua kikuu kilichogunduliwa mwaka 1924 kikamwondoa polepole kwenye mabehewa. Agosti 1927 alirekodi mara ya kwanza mjini Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia. Mwaka 1929 walipompiga filamu fupi, alitokea amevaa sare ya mfanyakazi wa reli, kazi ambayo hakuwa akiifanya tena. Picha nyingine zinamwonyesha na kofia ya kauboi, kazi ambayo hakuifanya kabisa. Blues alizoimba alizitoa kwa watu weusi aliofanya nao kazi na kuishi nao jirani. Ule mchezo wa koo ulikuwa umeshafika katika majukwaa ya maonyesho ya Marekani ukitokea milima ya Ulaya. Julai 1930, katika studio ya Hollywood, aliimba huku Louis Armstrong akimpigia tarumbeta. Baba wa kantri, basi, ni mzungu wa Mississippi mwenye blues za weusi, koo la Uswisi na tarumbeta la New Orleans, ndani ya sare ya kuazima.

Tracey pia hakuwa nacho. Jambo moja kumhusu linachekesha, na linasemwa hapa bila chuki kwa sababu bila yeye wimbo ungekufa pamoja na waimbaji. Mlinzi huyu wa asili alichukua mbira, ala ya Kiafrika ya kupigwa kwa vidole gumba, akaitengeneza upya, akaipangia ngazi ya sauti ya piano ili watoto wa Ulaya na Marekani waweze kuipiga, akaiuza kwa jina la kalimba. Maurice White wa bendi ya Earth, Wind & Fire aliipiga mpaka kwenye viwanja vya Marekani. Na ni Tracey huyohuyo aliyemrekodi Mwenda Jean Bosco na gitaa lake Jadotville, Kongo, mwaka 1952. Sikio lake lilikuwa na busara kuliko nadharia yake. Alikuja Kericho kutafuta Afrika ambayo haijaguswa, Wakipsigis wakamwimbia Mississippi, naye hakuzima mashine.

Katikati ya miaka ya 2010, ILAM pamoja na Ketebul Music ya Nairobi, inayoongozwa na Tabu Osusa, na mradi wa Singing Wells walirudisha rekodi zile kwao. Baadhi ya waliokuwapo mwaka 1950 walikutwa hai, wazee wa miaka 80 na zaidi, wakakabidhiwa sauti zao za ujana zikiwa kwenye CD. Miaka 65 wimbo ulikuwa ukisifiwa katika vyuo vikuu vya ng'ambo na waimbaji hawajawahi kushika nakala. Hiyo, kwa maoni ya safu hii, ndiyo hoja nzito ya haki katika muziki wa asili: nani alilipwa, jina la nani liliandikwa, nani alipata nakala. Inazidi kwa mbali swali la nani alivaa kizibao.

Bwana wa Litein anaweza kusema kwamba hayo ya Chemirocha ni bahati ya mara moja. Basi aje Kericho mjini, kwenye jina ambalo wakusanyaji wa santuri wa Ulaya hulitamka kwa heshima na wakazi wengi wamelisahau: Chandarana. Duka na kampuni hiyo ya familia ya Kihindi ilirekodi na kuchapa santuri kwa miongo kadhaa, na wanamuziki Waluo, Wakisii na Wakalenjin walipanda basi kwenda Kericho jinsi wengine walivyokwenda Nairobi. Humo ndimo muziki wa gitaa wa Kikalenjin ulimokulia. Mtajie mkazi yeyote wa Bomet aliyepita miaka 50 jina la Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilonget, uone uso unavyofunguka. Huo ndio "muziki wetu" ambao bwana aliyekunja mikono anauulizia.

Naam, ni wenu. Lakini mtindo wa yale magitaa ni wa familia ya benga, uliotoka kwa Waluo wa kando ya ziwa, nao waliuokota kutoka kinubi chao cha nyatiti na kutoka gitaa la Kongo. Gitaa lilitoka Ulaya. Kampuni ilikuwa ya familia yenye asili ya India. Hakuna aliyewahi kusimama arusini Bomet, Kipchamba akipigwa, akasema hii ni kopi ya Kijaluo. Watu waliinuka wakacheza, kwa sababu wimbo uliwasema wao: mashemeji zao, ng'ombe zao, madeni yao.

(Chai nayo, kwa wanaopenda ushahidi wa shambani, ilipandwa Kenya mara ya kwanza Limuru mwaka 1903, miche ikitoka India. Ni mwaka uleule aliozaliwa Tracey. Kampuni kubwa ziliileta Kericho miaka ya 1920. Leo ukimwambia mchumaji wa Kapkatet kwamba anachuma mmea wa kigeni atakuuliza kama wewe ndiye utakayemlipia karo.)

Kwa nini basi kauboi wa Litein hachangamshi? Kwanza apewe haki yake. Mapenzi ya watu wa nyanda za chai kwa kantri si ya bandia. Nyimbo hizo zilikuja kwa redio ya taifa, zikiimbwa kwa Kiingereza cha polepole ambacho mwanafunzi wa shule ya bweni angeweza kukifuata, zikizungumzia mama aliyebaki nyumbani, shamba lililouzwa, mwanamume aliyelewa na kujuta Jumapili asubuhi. Ni mambo ya kilima chochote hapa. Elvis Otieno, anayejulikana kama Sir Elvis, amejenga jina Kenya nzima kwa muziki huu, na ana koo la kuustahili. Na anayedhani kwamba kuimba kwa lugha isiyo yako ni ugonjwa wa Waafrika akumbuke kwamba Jim Reeves, mtoto wa Texas, alikwenda Afrika Kusini miaka ya 60, akacheza filamu huko na kutoa albamu nzima kwa Kiafrikana. Makaburu waliipenda. Reeves alikufa katika ajali ya ndege Julai 1964, na mpaka leo Kericho hulia naye kila Jumamosi.

Kwa hiyo kofia haina kesi. Wala Kiingereza. Tatizo ni kitufe cha kibodi. Ukimsikiliza kauboi wetu kwa makini utagundua kwamba fidla huingia pale ilipoingia Nashville mwaka 1978, pumzi huvutwa pale Kenny Rogers alipovuta, na hata kile kikohozi kidogo cha kuigiza majonzi kimenakiliwa. Mwisho wa wimbo sauti hufifia yenyewe, kama kwenye santuri, ingawa mwimbaji yuko palepale mbele ya watu, mdomo bado wazi. Hajaongeza kitu na hajapunguza. Amebeba mzigo kutoka Marekani hadi Litein bila kuufungua. Wasichana wa Kapkatet waliufungua wakiwa na dakika moja na nusu tu, bila hata kumwona mwenye mzigo.

Hilo ndilo shtaka, na Mumford & Sons wanalo lao linalofanana nalo ingawa wanatunga wenyewe: nao wanabonyeza kitufe, ila kitufe chao ni cha kupandisha sauti. Mtu anaweza kuwa na shamba lake, banjo yake na babu yake aliyezaliwa milimani, bado akabonyeza. Yako makundi ya ngoma za kitamaduni ya kukodishwa, yanayochezea watalii na wanasiasa yakiwa yamevaa shanga kamili, ambayo hubonyeza vibaya kuliko kauboi. Hao hakuna anayewaita kopi, kwa sababu nguo zao ni sahihi.

Wakati wa mvua, stima hupotea sana kando ya barabara hii. Ikipotea katikati ya wimbo, kibodi hukatika, fidla hufa, na baa hubaki na mishumaa, simu mbili tatu zilizowashwa tochi, na mtu mmoja mwenye gitaa. Wateja hucheka. Kauboi husita, kisha huendelea peke yake, kwa mwendo wa polepole zaidi kwa sababu sasa anafuata makofi ya watu na makofi hayajui Nashville. Sauti yake halisi ni nyembamba kuliko ya Kenny Rogers na ina mkwaruzo. Mzee mmoja humtupia neno la Kikipsigis kutoka gizani, naye hulijibu ndani ya tuni ileile, ubeti mzima ambao haumo katika santuri yoyote, unaomtania mwenye baa na jenereta yake mbovu. Hapo hata aliyekunja mikono huikunjua.

Kisha stima hurudi, na kibodi huanza tena kutoka mwanzo.